Waliosahau Miwani

Mlipoandaa chai ya kuniaga, mmoja wenu aliomba niandike niliyoyaona kazini, ili nyinyi mnaobaki msianzie sifuri. Nilikubali haraka kwa sababu keki ilikuwa inakatwa na macho ya wote yalikuwa kwenye kisu. Sasa niko Sambasha, nyumbani kwa mama yangu, nimekaa kwenye kibaraza na mawingu yamefunika nusu ya mlima, na ahadi ile imenibana. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache na havina hadithi. Nitaandika juu ya watu wazima niliowafundisha kusoma, juu ya mwalimu mkongwe aliyenifundisha namna ya kuwafundisha, na juu ya aibu, ambayo kwenye kazi yetu inaingia darasani kabla ya mwanafunzi. Nilidhani naijua aibu hiyo kama kiganja changu. Nilikuwa najidanganya, na ndiyo sababu karatasi hizi zimechelewa kuwafikia.

Nilifika Arusha mjini nikitokea chuo cha ualimu, suruali imenyooshwa mpaka inakata, tayari kufundisha watoto. Ofisini nikaambiwa nafasi za shule zimejaa, niende elimu ya watu wazima, Lemara, nikamwone Mama Kaaya. Niliona nimetupwa jalalani. Nilikuwa kijana mwenye cheti, na nilijua Kiswahili kuliko mtu yeyote niliyekuwa nimekutana naye, angalau kwa maoni yangu. Kupewa bibi na babu niwafundishe "a, e, i, o, u" niliona ni dharau.

Mama Kaaya alikuwa Mmeru mfupi, mwenye sweta moja la kahawia lililovaliwa miezi yote ya mwaka, hata Januari. Chaki zake alizifunga kwenye gazeti na kuziweka kwenye mkoba pamoja na kitabu cha nyimbo. Nilipojitambulisha alinitazama suruali, kisha akaniuliza kama naweza kubeba benchi. Nikasema naweza. Tukabeba mabenchi kutoka kanisani hadi kwenye chumba cha darasa, mimi na yeye, na vumbi lote likaishia kwenye ile suruali.

"Chumba kina madawati tayari, mama," nilimwambia, nikihema.

"Yale ni ya watoto," alisema. "Mtu mzima ukimkalisha pale magoti yanamfika kidevuni. Hata kabla hujafungua mdomo ameshajiona mjinga. Beba lile lingine."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na bado naona ni bora kuliko mengi niliyopewa chuoni. Mkikuta darasa lenu lina madawati ya watoto, tafuteni mabenchi. Msingoje barua ya ofisi.

Somo la pili lilikuwa desturi yake ya siku ya kwanza. Wanafunzi walipokaa, akina mama wengi na wanaume wachache walioketi karibu na mlango ili iwe rahisi kutoroka, Mama Kaaya hakushika chaki. Alisimama mbele yao akasema, "Mimi naitwa Mama Kaaya. Mimi sijui kushona. Nimejaribu tangu msichana, sindano inanichoma, nguo inaharibika. Sijui." Halafu akamgeukia wa kwanza kwenye benchi. Yule naye alitakiwa kusema jina lake na kutamka kwa sauti, "Sijui kusoma." Likazunguka neno hilo benchi hadi benchi. Wengine walilisema wakitazama miguu, wengine wakicheka, mzee mmoja alilisema kwa hasira kana kwamba anamshitaki mtu. Likiisha kuzunguka chumba kinapumua. Aliniambia baadaye kwamba mwalimu lazima aanze yeye, na lazima aseme kitu ambacho kweli hakijui.

Zamu yangu ya kwanza nilifikiria sana niseme nini. Nikasema, "Mimi naitwa Mwalimu Eliakimu. Sijui kukamua ng'ombe." Darasa zima lilicheka. Mwarusha, mtoto wa wafugaji, asiyejua kukamua! Mama mmoja alijitolea kunifundisha palepale. Kwa kuwa neno hilo lilifanya kazi, nikalishika. Nililisema Lemara, nikalisema Momela, nikalisema Kwa Mrombo, mwaka baada ya mwaka, na mara zote walicheka. Mama Kaaya peke yake hakucheka sana. Siku moja tulipokuwa tunafunga chumba alisema, "Hilo la ng'ombe ni zuri. Ila halikuumi." Nilidhani ana wivu kwa vile darasa langu linachangamka kuliko lake.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Msiwape wanaoanza kalamu ya wino. Mkono uliozoea jembe unakamua kalamu mpaka inapasuka, wino unamwagika kwenye kitenge, na mwanafunzi harudi tena. Wapeni penseli nene, ile ya fundi seremala, mtu anaishika kama kitu cha kazi. Msianze na irabu. Anzeni na jina la mtu mwenyewe, na mwulizeni jina lipi. Hapo mtaona mambo. Mama wa makamo ambaye tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe anaitwa Mama Fulani, atanyamaza, atatafuta, halafu atakutajia jina la usichana wake kwa sauti ndogo kama anayeazima kitu cha mtu. Mwingine ana la nyumbani na la ubatizo, na hajui lipi ni lake. Mpeni muda. Akishaliandika mwenyewe, wengine hulia na wengine huomba waende nalo nyumbani pamoja na ubao mzima. Ubao ni mali ya serikali, kwa hiyo mwambieni hapana.

Momela, kando ya hifadhi ya wanyama, nilikaa muda mfupi. Huko nilijifunza kwamba mwanafunzi akisema amechelewa kwa sababu ya nyati, ni nyati kweli, usimwekee alama mbaya.

Sasa niwaambie juu ya miwani. Mtu mzima asiyejua kusoma hasemi hajui. Anasema amesahau miwani nyumbani. Ukimpa karatasi atapapasa mfuko wa shati, atapapasa wa koti, atakunja uso: "Ah, miwani yangu! Nisomee wewe kijana." Nimekutana na watu waliosahau miwani maisha yao yote na hawajawahi kuwa nayo. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa naweza kuwatambua hata benki, hata msibani wakipewa ratiba ya mazishi. Nilijisifia jicho hilo. Nilipokuwa nawapa semina walimu wapya nilikuwa naigiza ule mpapaso wa mifuko, na wote wanakufa kwa kicheko. Baadhi yenu mlikuwepo.

Bingwa wa kusahau miwani alikuwa Baba Neema, mwenye bucha na jiko la nyama choma Kwa Mrombo. Mwarusha mwenzangu, mrefu, mcheshi, rika langu hasa. Darasa letu lilikuwa jirani na bucha lake. Alianza kuja jioni akiwa na mfuko wa mbavu mkononi, anasema amemletea mwalimu nyama, halafu anabaki amesimama mlangoni mpaka somo linaisha. Alifanya hivyo wiki kadhaa, na mimi nikanenepa. Mwisho nikamwambia akae basi, nyama inapoa. Akakaa. Lakini mfuko wa nyama hakuuacha kamwe, ili akikutwa njiani aweze kusema anapeleka mzigo. Alikuwa na binti, Neema, anasoma sekondari, na kila jioni binti huyo alimsomea baba yake magazeti kwa kuwa "miwani ya baba ina ufa". Baba Neema aliniapia kwamba binti akijua, yeye bucha atalifunga ahame mji.

Binti alijua. Alikuja kumtafuta siku moja mgeni alipofika bucha, akamkuta baba yake ameinamia benchi, ulimi nje, anaandika jina lake. Baba Neema aliruka, akachukua mfuko. "Nimemletea mwalimu nyama," alisema. Chumba kizima kilitazama chini. Neema alisimama pale, akatazama penseli, akatazama karatasi. Kisha akasema, "Baba, kaa umalize. Mgeni atasubiri." Akaketi kando yake kwenye benchi. Baba Neema alimaliza jina lake huku jasho linamtiririka, na herufi ya mwisho aliigeuza nyuma mbele.

Alipotulia siku za baadaye aliniambia, "Mwalimu, wewe unatusaidia, Mungu akubariki. Lakini aibu hii huijui. Umezaliwa unasoma." Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu anayekubali sifa.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, niwaeleze nilivyokuwa huyo mtu aliyezaliwa anasoma.

Nilizaliwa hapahapa Sambasha, mama akaniita Lomayani. Nyumbani tulizungumza Kiarusha, yaani Kimaa, Kimaasai cha kwetu huku mlimani. Kiswahili nilikutana nacho darasa la kwanza, na jina la Eliakimu nikalipata kwenye maji ya ubatizo mwaka uleule. Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, kulikuwa na sheria kwamba ukikutwa unazungumza lugha ya nyumbani, unamwagilia maua ya mkuu wa shule. Maua yale yalistawi sana muhula wangu wa kwanza. Muhula wa pili yalianza kukauka kwa upande wangu, na mimi nikaanza kuwa mtu wa maana. Nilishinda mashindano ya insha. Nilichekesha bweni kwa kuigiza wazee wa kwetu wanavyotamka Kiswahili. Hakuna aliyenilazimisha kuigiza. Hilo nilijitungia mwenyewe.

Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani. Kwetu mtoto hamwamkii mkubwa kwa mdomo tu. Anamsogelea na kuinamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja utosini. Nilikuwa bado sijaingia jandoni, kwa hiyo nilipaswa kutoa kichwa kwa kila mtu mzima, mwanaume na mwanamke. Mama alinikuta kwenye njia ya migombani, akanyoosha mkono wake kwa ajili ya kichwa changu. Mimi nikasimama wima, nikaushika mkono ule na kuutikisa, nikasema, "Shikamoo mama." Alibaki ananitazama. Kisha akajibu, "Marahaba," neno ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake, akalitamka vibaya, na mimi nikamsahihisha.

Tangu hapo mama alijifunza Kiswahili. Alijifunza kanisani, sokoni, na kwenye redio ya jirani. Nilipooa, nikaoa Mchaga, nyumbani kwangu Lemara tukazungumza Kiswahili, na watoto wangu hawakujua kingine. Mama alikuwa anashuka mlima na ndizi zake kuja kuwaona wajukuu, anazungumza nao Kiswahili chake kilichopinda, na wao wanacheka na yeye anacheka. Nilikuwa najivunia hilo mbele ya watu. Kwenye semina nilisema, "Hata mama yangu mzazi, Kiswahili amekijulia ukubwani." Sikuwahi kujiuliza alikijua kwa nini. Na Kiarusha changu kilibaki na maneno ya jikoni, ya maji na maziwa na njoo na nenda, maneno ya mtoto aliyeondoka nyumbani mapema.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Kiswahili kilianza kumtoka mama. Alianza kukosa neno mojamoja, tukaona ni uzee. Kisha sentensi ikawa inaanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiarusha. Daktari alieleza kwamba kwa wazee wengine kumbukumbu zikipungua, lugha iliyoingia baadaye hutangulia kutoka. Nilipostaafu na kuhamia huku nimwangalie, mama alikuwa hana tena Kiswahili hata cha kuomba chai. Alikuwa na mengi ya kusema, asubuhi mpaka jioni. Alisimulia, aliuliza, aligombeza, alicheka peke yake kwa jambo fulani tamu. Mimi nilikaa kando yake kama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake.

Dada yangu mdogo, Naserian, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, ndiye aliyekuwa akimwelewa. Mwanzoni alinitafsiria. Lakini ana ng'ombe, ana shamba, na hawezi kusimama kando yangu kutwa. Siku moja nikamwuliza mama alikuwa anasema nini kwa uchungu namna ile. Naserian akasema, "Ah kaka, ni ya zamani hayo, marefu," akabeba ndoo akaenda. Nikaona aibu kuuliza tena.

Wageni walipokuja kumjulia hali mama, wazee wa kanisa, majirani, wote walizungumza naye lugha yao, wakanigeukia na mimi. Hapo nilianza kusema sikio langu la kushoto halisikii vizuri siku hizi. Niliweka kiganja nyuma ya sikio, nikakunja uso, nikasema, "Ah, sikio hili! Zungumzeni tu, mimi nipo." Watu walinihurumia. Mzee mmoja aliniletea dawa ya miti shamba ya kudondoshea sikioni, na nikalazimika kudondoshea mbele yake. Sikio langu halina kasoro yoyote. Nasikia panya kwenye dari.

Baba Neema alikuja kumwona mama mwezi wa pili tangu nihamie. Mvi zimemjaa, lakini ni yuleyule, na mfuko wa nyama mkononi. Aliketi kwenye kigoda mbele ya mama, akaanza kuzungumza naye. Mama alichangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Alimshika mkono, alimsimulia jambo refu kwa mikono na macho, Baba Neema akapiga paja kwa kicheko, akauliza, mama akajibu, wakacheka wote wawili. Kisha Baba Neema akanigeukia akaniuliza jambo kwa Kiarusha. Mama naye akanigeukia, anangoja jibu langu. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

Nikaweka kiganja nyuma ya sikio. "Ah, sikio hili," nikasema.

Baba Neema aliacha kucheka. Alinitazama muda. Nilipomsindikiza hadi njia kubwa, alisimama kwenye ua wa miti, akaniuliza polepole kwa Kiswahili:

"Mwalimu. Na wewe umesahau miwani?"

Nilitaka kusema daktari amethibitisha, nilitaka kutaja ile dawa ya miti. Nilibaki natazama viatu vyangu.

"Hujui anasema nini," alisema.

"Sijui."

"Kabisa?"

"Maji najua. Maziwa najua."

Hakunicheka, na ningeona nafuu kama angenicheka. "Mama yako alikuwa ananisimulia ulivyomkimbiza jogoo wa mchungaji," alisema. "Anakumbuka mpaka rangi ya jogoo. Halafu nikakuuliza wewe, ni kweli ulimkamata?" Akahamisha mfuko mtupu mkono hadi mkono. "Njoo bucha jioni. Nyuma kuna benchi."

Nimekwenda. Nashuka Kwa Mrombo jioni, nakaa nyuma ya bucha kati ya ngozi na magogo ya kuni, na Baba Neema ananifundisha Kiarusha kati ya mteja na mteja. Narudi na mfuko wa nyama ili nikikutana na mtu nina la kusema. Naserian aliniuliza, "Kaka, nyama hii yote ya nini, una harusi?" Nikamwambia mama anahitaji nguvu. Mama hana meno ya mbavu. Sikujali uongo ule umesimama vipi, nilijali nisikutwe.

Siku ya kwanza nilikwenda na daftari na penseli yangu, nimejiandaa. Baba Neema akaweka kisu chini. "Tunaanza namna ile yako," alisema. "Mimi naanza. Mimi naitwa Baba Neema. Sijui kumwambia binti yangu asante. Amekuwa mtu mkubwa, ana ofisi, na ile siku ya benchi sijawahi kuisema naye. Sijui." Akaninyooshea mkono. "Sasa wewe. Na usiniletee ng'ombe."

Nilichezea penseli mpaka mteja akaja, akahudumiwa, akaondoka. Nimewafundisha watu wazima kusema neno hilo kwa miaka yote ya kazi. Nimewahimiza, nimewatania, nimewapigia makofi. Nikasema naitwa Eliakimu. Akatikisa kichwa. Nikasema naitwa Lomayani. Nikasema, "Sijui lugha ya mama yangu." Akanifundisha kulisema kwa Kiarusha, neno moja tu la kuanzia: mayiolo. Sijui. Alinirudisha nalo mpaka akaridhika na ulimi wangu, na hakuniacha niliandike.

Ninayotaka kuwaambia yametokea juzi, na sijui kama nitayaandika vizuri.

Mama huota jua asubuhi nje ya nyumba. Nilikuwa natoka kwenye nyumba yangu ndogo iliyo chini kidogo ya yake, nimevaa koti na kofia kwa sababu ya baridi, na mvi zangu ndizo hizo mnazozijua. Nilipomkaribia mama alinitazama, na nikaona kabisa kwamba haoni mwanawe. Aliona mzee, mtu wa heshima, mgeni. Akajishika kwenye kigoda, akasimama kwa taabu, akaweka sawa shuka begani. Akapiga hatua zake ndogo mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa, kama mke kijana anavyofanya mbele ya mzee wa upande wa mumewe.

Mama yangu aliniinamia. Alikuwa amesimama pale, kichwa chake kimenyolewa, shingo nyembamba, anangoja mkono. Niligeuka nikamtazama Naserian aliyekuwa anatoka zizini. Nilitaka aje amwinue, aniokoe.

"Mguse," Naserian alisema kwa sauti ya chini. "Usimwache ameinama."

Nikaweka kiganja utosini kwake. Kichwa kilikuwa na joto la jua. Nilisema salamu niliyofundishwa nyuma ya bucha, ile ambayo mzee humpa mwanamke, "Takwenya," na mama akaitikia palepale, "Iko," kwa sauti nyepesi ya msichana. Sijawahi kuona aibu kama hiyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akainua uso, akaniuliza jambo, na nililielewa. Sikulielewa neno kwa neno, lakini nililielewa. Aliniuliza kama nimetoka kule shuleni. Aliniuliza kama Lomayani hajambo, na kama anakula.

"Nanu, yeyo," nikamjibu. Ni mimi, mama.

Mama alitabasamu kwa adabu, kama mtu anavyotabasamu mzee wa watu anapotania. Akatazama njia ya migombani nyuma yangu, aone kama kuna kijana anakuja.

Kwa desturi yetu, mwanaume aliyekwisha kuvuka jando hampi mwanamke kichwa chake, hata awe mama yake. Njiani kulikuwa na watu wanapita kwenda sokoni. Nikavua kofia. Nikamsogelea na kuinama, chini kabisa kwa sababu amekuwa mfupi, nikakaa hivyo nikiwa natazama miguu yake na viatu vyake vya raba. Nilisikia waliopita wakinyamaza. Nilisikia Naserian akiweka ndoo chini.

Mkono wake ukaja. Ulitua utosini, ukabaki pale, ukapapasa kidogo upande wa nyuma ambako nina kovu la utotoni. Kisha mama akaanza kusema, haraka, kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, sauti ya kumgombeza mtoto aliyechelewa kurudi. Yalikuwa maneno mengi na yalinipita yote. Nilijikuta mkono wangu umeanza kupanda kuelekea kwenye sikio la kushoto.

Nikaushusha.

"Mayiolo, yeyo," nikamwambia. "Mayiolo."

Mama akanyamaza. Halafu akanishika kidevu, akainua uso wangu, akaanza tena tangu mwanzo, polepole, neno mojamoja.